Kudaka Si Kushika

Mwanamume anakimbia kwenye theluji. Hajui kwamba sisi tupo, watu watatu kwenye kochi moja la kahawia, ghorofa ya sita, Fittja, pembezoni mwa Stockholm, na kwamba tumekwisha kumwona akikimbia hivi mara nyingi kuliko mama yake mzazi. Anakimbia shingo kaigeuza nyuma, kama mtu aliyeitwa. Mpira unakuja kutoka mbali, ule mpira wao uliochongoka pande zote mbili, unajizungusha angani. Anaruka. Mikono miwili inaufunga. Mguu wa kulia unagusa chini, ndani ya mstari. Wa kushoto nao unagusa. Kisha mwili wote unaanguka, bega linapiga theluji, na mpira unamtoka kifuani na kubingirika pembeni taratibu. Refa anafika mbio. Anapunga mikono yote miwili mbele ya kiuno chake, kama mwalimu anayefuta ubao.

"Hakuna," akasema jirani yetu Mkongo.

"Kuna," akasema shemeji yangu, akabonyeza kitufe.

Mpira ukarudi kifuani. Mwanamume akainuka kutoka kwenye theluji, akapaa kinyumenyume, akarejea alikotoka. Halafu akakimbia tena.

Kanda ile ililetwa na posta mwezi wa Januari, katika ile miaka ya themanini ambayo kila nyumba ya Fittja ilikuwa ikitafuta mashine ya video. Mdogo wake shemeji alikuwa Amerika, dereva wa lori la mikate, na kila baada ya miezi kadhaa alirekodi mchezo mmoja wa mpira wa Kimarekani, wa wale wachezaji wao wa kulipwa, akamtumia kaka yake pamoja na barua fupi. Mashine yetu ilikuwa ya mtumba, na kanda za Amerika ilizikubali shingo upande: picha ilikuja, rangi hazikuja. Kwa hiyo wachezaji wote walikuwa wa kijivu, na theluji yao ilikuwa sawasawa na ile iliyolala kwenye roshani yetu.

Shemeji alikuwa Mganda. Aliondoka kwao wakati ambao wengi waliondoka, akapita Nairobi, ambako ndiko alikopata Kiswahili chake, akafika Stockholm na kuajiriwa kuosha mabasi. Zamani, Kampala, alikuwa golikipa wa timu ya mtaa wao. Mambo ya mikono na mpira, alisema, hakuhitaji kuelezwa na mtu. Dada yangu alimpenda kwa sababu alimchekesha. Mimi niliwafuata kutoka Tanga nikiwa na miaka ishirini na mmoja, madaftari matatu ya hadithi, na imani kwamba hakuna kitu duniani kisichosemeka, mtu akilitafuta neno lake.

Kiswidi nilikipata upesi kuliko wao. Baada ya mwaka mmoja nilikuwa mdomo wa nyumba. Zahanati, ofisi ya nyumba, barua zenye mihuri: "Mpe mdogo wangu asome," dada alisema kila karatasi ilipoanguka mlangoni. Nami niliona fahari. Lazima niliseme hilo mapema.

Yaliyotokea Oktoba ndiyo yaliyoifanya kanda ile isiwe mchezo tu.

Dada alikuwa na mimba ya miezi saba. Uchungu ulimshika asubuhi moja, kabla ya wakati wake. Shemeji alikuwa kazini. Mimi ndiye niliyepanda naye gari la wagonjwa mpaka hospitali. Walimwingiza chumbani haraka, na mimi nikaachwa kwenye ujia, karibu na ua lililopandwa kwenye kopo. Sijui nilikaa muda gani. Mkunga alipotoka, hakusimama mbele yangu kama wanavyosimama wakiwa na habari za kawaida. Alikaa kwenye kiti kilicho karibu na changu, magoti yake yakagusana na yangu, na hapo nikajua.

Alizungumza taratibu ili nimwelewe. Mtoto alikuwa wa kike. Mapafu hayakuwa yamekomaa. Walimpeleka nyuma ya pazia, wakajaribu. Dakika chache tu. Kisha akasema sentensi ambayo naikumbuka yote: "Hon gnydde lite, men hon skrek aldrig."

Nusu ya pili niliielewa: hakulia kamwe, hakupiga kelele. Nusu ya kwanza ilikuwa na neno nisilolijua. Gnydde. Lilinipitia mdomoni kama kokoto kwenye wali, nikalimeza.

Ningeweza kuuliza. Sikuuliza. Tangu nianze kukisema Kiswidi nilikuwa sijawahi kumwuliza mwenye lugha maana ya neno uso kwa uso. Nilikisia, nikatikisa kichwa, nikafika nyumbani nikafungua kamusi. Siku ile nilikisia kwamba gnydde ni kupigania, au kusumbuka, kitu cha namna hiyo. Na nyumbani sikufungua kamusi.

Shemeji alifika akiwa bado na buti za kazini, akiacha maji sakafuni kila alipokanyaga.

"Shemeji, wanasema nini?"

"Ni wa kike. Ameondoka."

"Alilia?"

"Hakulia."

Akarudia, "Hakulia," kama mtu anayejaribu kiatu. Akaingia kwa mke wake. Dada naye aliniuliza jioni ileile, uso umeelekea ukutani, sauti yake ikiwa nzito kwa dawa: "Hakulia, siyo?" Nikamwambia, "Hakulia, dada."

Kesho yake Maalim alikuja kutoka Farsta, kitongoji kingine cha jiji. Tulimwita Maalim kwa sababu alifundisha watoto Kurani Jumamosi, katika chumba kilicho chini ya jengo letu, palipokuwa pakiwekwa baiskeli. Siku nyingine alikuwa mfanyakazi wa kiwanda cha kufulia nguo, na mikono yake ilinuka sabuni daima. Alikaa kwenye kochi lile la kahawia akanywa chai, na akauliza swali moja tu, kwa upole, bila kumtazama mtu.

"Alitoa sauti yoyote? Alilia?"

Shemeji akanitazama. Wote wakanitazama.

"Hakulia," nikasema. Mara ya tatu.

Maalim akainamisha kichwa. "Basi ataoshwa, atavikwa sanda, atazikwa kwa heshima zote. Kusaliwa hasaliwi. Swala ya maiti ni ya aliyekuja akaondoka. Huyu Mungu amemrudisha kabla hajafika."

Hivyo ndivyo tulivyomzika, upande waliotengewa Waislamu katika makaburi ya kusini mwa jiji, chini ya misonobari, bila swala. Shemeji alikuwa na jina mkononi. Lilikuwa jina la mama yake, aliyefariki yeye akiwa uhamishoni. Alikuwa akiliimba jikoni tangu mimba ilipofika mwezi wa nne, akitania kwamba mtoto akija wa kiume ataitwa hivyohivyo. Siku ya mazishi hakulitamka. Jina la mama yake, alimwambia dada, hawezi kumpa mtu ambaye hakufika. Alilirudisha alikolitoa, na tangu siku hiyo hakuimba jikoni.

*

Kanda ilipokuja, tulifurahi kwa ajili yake. Kilikuwa kitu cha kwanza kumkalisha sebuleni tangu Oktoba. Mchezo wenyewe sisi hatukuuelewa. Watu wazima wamevaa kofia za chuma wanaangushana, wanasimama, wanajadiliana, wanaangushana tena. Mkongo, aliyekuwa fundi wa lifti na aliyeishi mlango wa pili, alisema mchezo ule ni kama mkutano wa ofisi ya nyumba: maneno mengi na hakuna anayehama. Lakini karibu na mwisho palikuwa na yule mwanamume wa kwenye theluji. Shemeji alipomwona aliinuka kwenye kochi.

"Banange! Aliushika!"

"Refa anakataa," jirani akasema.

"Refa ni kipofu. Mikono miwili, miguu miwili. Unataka nini kingine, aoe?"

Barua ya mdogo wake ilikuwa imeeleza sheria. Mchezaji audhibiti mpira, miguu yote miwili iguse ndani ya mstari, na akianguka abaki nao. Ukimtoka akiwa anaanguka, ni kana kwamba haukumfikia. Lakini hata Amerika kwenyewe, mdogo wake aliandika, watu wanagombana juu ya jambo hili kazini, kanisani, misibani. Hakuna anayejua sawasawa ni wakati gani mpira unakuwa wako.

Shemeji alisoma mstari huo kwa sauti, akaikunja barua, akaitia mfukoni mwa shati.

Tangu hapo kila Jumapili mchana, baada ya chakula, jirani alibisha hodi, na yule mwanamume akaanza kukimbia. Mwanzoni dada alicheka. Alisimama mlangoni mwa jikoni na kitambaa begani, akasema, "Nyinyi wawili mtamchosha huyo kijana wa watu."

"Mpira ilianguka, ndugu yangu," jirani alisema. "Ballon iko chini. Kisha iko chini, ni nini? Ni zero. C'est fini."

"Lakini kabla ya kuwa chini ulikuwa wapi? Mikononi! Ulikuwa mikononi!"

"Kidogo tu."

"Kidogo ni kitu."

"Kidogo si kitu. Mimi ni fundi. Lifti ikifika nusu ya ghorofa ikasimama, utasema imefika? Toka basi, uone!"

Nilicheka. Ilikuwa kauli nzuri, na jirani mwenyewe aliipenda, akapiga paja lake. Shemeji hakucheka. Aliitazama televisheni ambayo haikuwa na picha wakati huo, ila mistari ya kijivu tu, na akasema kwa sauti ya chini, "Aliye ndani ya lifti anajua kama alipanda au hakupanda."

Jikoni maji yakafungwa ghafla. Mimi sikuelewa. Nilidhani wanazungumza juu ya mpira na lifti.

Jumapili nyingine ugomvi uligeukia lugha. Shemeji alisema alishika, jirani akasema hakukamata, na kila mmoja akadai neno la mwenzake si Kiswahili. Wakanigeukia.

"Amua wewe, shemeji," shemeji akasema. "Wewe ndiye mtu wa Tanga. Sisi wengine tumeokota hiki Kiswahili njiani."

Nilijinyoosha. Nakumbuka nilivyojinyoosha, na nalionea haya hilo kuliko mengi mengine. Nikawaambia kwamba kwetu ni kudaka. Kudaka ni pale kitu kiko angani na mikono inakikatiza njia. Kushika ni kubaki nacho. Na kudaka si kushika. Mtu anaweza kudaka asishike.

"Kwa hiyo yule alidaka," shemeji akasema polepole.

"Alidaka."

"Ingawa hakushika."

"Hakushika, lakini alidaka."

"Hata kama ilikuwa muda mfupi mno."

"Kudaka hakuna muda, shemeji. Ni mara moja tu, basi limekuwa."

Alinitazama kwa namna ambayo hakuwahi kunitazama. "Limekuwa," alisema. Akainuka, akaenda kusimama roshani bila koti, na jirani akaniuliza kwa macho, nami nikainua mabega. Niliona nimefundisha neno vizuri.

*

Wakati huo nilikuwa nimepata kazi ya mchana Norsborg, mwisho wa reli, katika dagis, nyumba ya kulelea watoto ambao wazazi wao wako kazini. Wale wadogo kabisa walilazwa nje baada ya chakula, kila mmoja kwenye kigari chake, wamefungwa blanketi mpaka puani, katika baridi ambayo kwetu hata mbuzi usingemwacha ndani yake. Ndivyo wafanyavyo huko. Wanasema hewa baridi inaleta usingizi mzuri. Kazi yangu ilikuwa kupita kati ya vigari na kusikiliza.

Siku moja ya Februari nilikuwa nikipita na mwenzangu wa kazi, mama mmoja Mswidi aliyekaribia kustaafu. Kutoka kwenye kigari cha tatu ikatoka sauti. Ilikuwa nyembamba sana, kama mlango wa kabati ukifunguka peke yake. Nikakimbilia kigari. Yule mama akanishika mkono wa koti.

"Mwache," akasema kwa Kiswidi. "Hon gnyr bara lite. Hon skriker inte."

Nilisimama. Lilikuwa neno lile la mkunga. Vigari vyote vilikuwa vimepangwa ukutani, vifuniko vyao vina theluji. Kwa mara ya kwanza katika nchi ile nilimwuliza Mswidi maana ya neno.

"Gnyr? Ni nini?"

Akashangaa kwamba silijui. "Hivyo," akasema, akielekeza kidole kwenye kigari. "Hivyo anavyofanya sasa."

Na yule mtoto, ndani ya blanketi, akafanya tena.

Sauti. Ilikuwa sauti. Hakupiga kelele, hakulia ule mlio wa kuamsha nyumba, lakini alilia, kile kilio chembamba cha kitu kidogo sana kisicho na nguvu ya kulia zaidi. Hakuna mtu wa Tanga, wala wa Kampala, wala wa Kongo, angekisikia akasema mtoto hakulia.

Nilirudi na treni mchana ule. Norsborg, Hallunda, Alby. Fittja nilipitiliza. Nilishuka kituo kilichofuata, nikakaa kwenye benchi mpaka treni kadhaa zikapita, nikitafuta jinsi ya kuisema kwa lugha yoyote kati ya nilizokuwa nazo.

Sikuisema. Siku ile dada alikuwa amepika samaki wa nazi, mara ya kwanza tangu Oktoba, na alikuwa akimtania mumewe kwamba Mganda hajui kula samaki bila kuhesabu miiba. Nikajiambia nitasema kesho. Nilijiambia hivyo kwa muda wa wiki tano. Nilikuwa nikiandika hadithi wakati huo, usiku na asubuhi, na nakumbuka nilivyofuta aya nzima kwa sababu neno moja halikukaa sawa. Neno moja. Na chumba cha pili walikuwa wamelala watu wawili ambao neno moja lililoachwa na mimi lilikuwa limewanyang'anya mtoto wao mara ya pili.

Jumapili zile kochi lilikuwa la moto. Sasa nilijua alichokuwa akikitazama shemeji kwenye kanda. Kila alipobonyeza kitufe na mpira ukarudi kifuani, na mwanamume akainuka kutoka kwenye theluji, nilitamani mashine iharibike.

Machi ilikuja barua. Shemeji alikuwa amemwandikia mdogo wake juu ya mwanamume yule, akitaka kujua mwisho wake. Jirani alipoingia, barua ilikuwa imeshafunguliwa mezani.

"Anasema siku hizi wana refa mwingine," shemeji akatueleza. "Anakaa juu, kwenye chumba, na televisheni yake. Kama wa chini amekosea, wa juu anageuza. Alitazama huu mpira wetu, akatazama, akatazama. Hakugeuza."

"Umeona sasa?" jirani akasema.

"Ngoja. Sheria yao ni kwamba wa juu hageuzi mpaka awe na hakika. Akiwa na shaka, neno la wa chini linabaki." Akainuka, akaigandisha picha. Mwanamume wa kijivu akatetemeka hewani. "Lakini tazama huyu wa chini alikuwa wapi. Tazama! Amezibwa na mgongo. Hakuona mikono. Hakuona kitu. Alisema hakuna kwa sababu lazima mtu aseme jambo. Na sasa neno lake ndilo linabaki, milele na milele, kwa sababu ndiye aliyesema kwanza."

"Shemeji," nikasema. "Alilia."

"Nani?" jirani akauliza. "Mchezaji?"

Aligeuza uso kutoka kwangu kwenda kwa shemeji, kisha akaona kitu usoni mwake, akachukua kofia yake, akatoka na kuufunga mlango kwa mikono miwili ili usitoe sauti.

Nikawaambia. Ujia wa hospitali, mkunga, sentensi, neno, kigari cha tatu. Niliwaambia pia juu ya zile wiki tano. Nilisema nikitazama zulia.

Dada alikuwa amesimama mlangoni mwa jikoni, mikono ina povu. Hakupaza sauti. Ningependa angepaza.

"Nilimsikia," akasema.

"Dada..."

"Nilimsikia nyuma ya pazia. Nikadhani ni gurudumu la kitanda. Nikasema, hapana, hilo si gurudumu. Nikakuuliza wewe. Ukasema hakulia." Alifuta mikono kwenye gauni, ingawa kitambaa kilikuwa begani. "Miezi mitano nimeyaambia masikio yangu ni waongo. Niliuamini mdomo wako kuliko masikio yangu."

Shemeji ndiye aliyezima televisheni. Nilingoja hasira yake, lakini aliuliza tu, "Huyo mkunga bado yuko?"

"Sijui."

"Twende tukamwulize. Yeye ndiye aliyekuwa karibu."

*

Alikuwepo. Alitukuta kwenye ujia uleule; ua lilikuwa limehamishiwa dirishani. Hakutukumbuka kwanza, kisha alimwona dada vizuri, akashika kifua chake. Alituingiza kwenye chumba kidogo chenye meza na sanduku la karatasi za kufutia machozi.

Nilitafsiri. Safari hii nilitafsiri kila kitu, hata "kaeni tafadhali". Nilimwambia mkunga kwamba mwezi wa Oktoba sikumwelewa, na kwamba kwetu jambo hili lina uzito mkubwa: je, mtoto alitoa sauti? Akasema ndiyo. Akasema tena neno lile. Dada akanitazama nimpe Kiswahili chake, na mimi, niliyewaambia watu tofauti ya kudaka na kushika, nikafungua mdomo nikakosa. Kuguna? Kulalama? Yote yalikuwa makubwa kwa mtoto yule.

Mkunga aliona nimekwama. Akafumba macho kidogo, na kwa mdomo wake mwenyewe, mwanamke mzima mwenye mvi na beji kifuani, akaitoa ile sauti. Nyembamba. Mara mbili. Kisha akaonyesha kwa vidole: mara mbili.

Dada akainama mpaka paji la uso likagusa meza.

"Ndiyo hiyo," akasema. "Ndiyo hiyo, ndiyo hiyo."

Hapakuwa na la kutafsiri.

Maalim alikuja makaburini Ijumaa baada ya kazi, mikono yake ikinuka sabuni, na wanaume wengine wanne. Jirani Mkongo, aliyekuwa Mkatoliki, alikuja pia, akasimama mbali kidogo, kofia mkononi. Theluji ilikuwa imeyeyuka juu ya kaburi na kubaki pembeni tu, chafu. Kabla ya kupanga safu Maalim alinijia mimi, niliyekuwa nimesimama njiani na dada.

"Nakuuliza tena, mwanangu. Alilia?"

"Alilia."

"Haki yake basi haijapotea. Imechelewa tu."

Swala ya maiti haina rukuu wala sijida. Mtu anasimama tu. Takbira nne, dua, salamu, imekwisha. Ni fupi kuliko swala zote, na siku ile ilinipitia upesi mno. Nilitaka iendelee, nilitaka wasimame pale mpaka giza. Baada ya salamu shemeji alipiga magoti kwenye udongo ule wa maji, akaliweka jina la mama yake juu ya kaburi, kwa sauti, mara moja, kama mtu anayemwita mtoto aje kula. Sitaliandika hapa. Si langu la kuandika.

Dada alisikia, akaniachia mkono. Sikujua mpaka wakati huo kwamba alikuwa ameushika.

Mwezi uliofuata alijiandikisha darasa la Kiswidi, siku mbili kwa wiki, hapohapo Fittja. Barua zenye mihuri alizifungua mwenyewe, akikaa nazo mezani na kamusi yangu, akisoma kwa kidole. Hakuwa amekasirika. Aliniamkia, alinipikia, alinisuka. Lakini hakusema tena, "Mpe mdogo wangu asome."

Jirani alirudi Jumapili moja ya Aprili. Alikaa kwenye ncha ya kochi kama mgeni. Shemeji akatia kanda. Mwanamume akakimbia, akaruka, akaanguka, mpira ukabingirika, refa akafuta ubao wake.

Jirani akakohoa. "Leo nimeona vizuri," akasema. "Kuna."

Shemeji akageuka, akamtazama kwa mshangao.

"Hakuna, jirani. Umeshikwa na nini? Mpira uligusa chini. Mtoto mdogo ataona."

"Lakini mikono miwili..."

"Mikono miwili nini! Ulimtoka. Tazama." Akarudisha nyuma. "Tazama pale. Hakuna kitu pale, ndugu yangu. Ni mpira tu."

Wakaendelea kubishana, kila mmoja kwa maneno ya mwenzake. Hawakuniuliza. Jikoni, dada alikuwa akisoma Kiswidi kwa sauti, neno moja moja, akirudi nyuma kila alipokosea.